Tilapia wa Bwawani Asiingie Mtoni: Vipimo vya Kabla ya Masika

Wafugaji wetu wa samaki wa Mwakirunge, Jomvu na Miritini, hapa Mombasa, wanajua kuchimba bwawa, kulisha na kuuza, na hayo sitayarudia. Ninaandika kwa sababu ya kosa moja linalorudiwa kila wakati wa kuvua: samaki wakubwa wakishaenda sokoni, wale wadogo wasio na bei humwagwa kwenye kijito cha karibu. Mwenye bwawa huona amewahurumia. Hajawahurumia. Ameuharibu mto, na hasara itamrudia mwenyewe.

Wengi wetu tunafuga tilapia wa Nile. Asili yake hapa Kenya ni maziwa kama Turkana na Baringo, si mito ya pwani. Athi, unaoitwa Galana na kisha Sabaki kabla ya kuingia baharini kaskazini ya Malindi, una tilapia wake, Oreochromis spilurus. Hawa wawili wakikutana huzaana, na chotara wao nao huzaa. Nyavu zinaendelea kujaa huku mbegu ya asili ikipotea, kwa hiyo mvuvi hashtuki. Mkia wa samaki wa Nile una mistari ya wima iliyojipanga sawasawa, wa Sabaki hauna mpango huo, lakini chotara anaweza kufanana na yeyote kati yao. Tumeshaona Ziwa Victoria: tilapia wa Nile aliingizwa miaka ya 1950, na ngege, tilapia wa asili wa ziwa hilo, akakaribia kwisha katika ziwa kuu. Karibu nasi zaidi, tilapia wa Ziwa Jipe, huko Taita Taveta, aliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Mfugaji wa Mombasa ndiye wa kwanza kuumia. Visima vyetu vingi vina chumvi. Tilapia wa Nile hudhoofika chumvi inapozidi, lakini wa Sabaki amefugwa hata kwenye maji ya bahari kule Saudi Arabia na Kuwait. Tukiiharibu mbegu hiyo mtoni, kesho tutaitoa wapi?

Msiniambie kwamba mmenunua vifaranga madume watupu. Dume akitoroka ndiye anayekwenda kupanda majike wa mtoni. Tena katika hao "madume watupu" majike wachache hawakosi.

Sasa vipimo. Chujio la bomba la kutolea maji liwe na matundu yasiyozidi milimita 1. Waya wa kuku ninaoukuta kwenye mabomba mengi hauzuii kitu, kifaranga anapita akiwa amenyooka. Weka chujio mbili, moja ndani ya bwawa na nyingine mwisho wa bomba, uzisafishe kila asubuhi, na mvua ikinyesha asubuhi na jioni. Chujio likiziba, maji hupanda na kupita juu ya tuta, na samaki nao.

Kutoka usawa wa maji hadi juu ya tuta kuwe na sentimita 50. Pima mahali tuta lilipo chini kabisa! Kila mara naonyeshwa pale palipoinuka, na maji hayapiti hapo.

Masika huanza mwishoni mwa Machi na Mei ndiyo huzidi. Pandikiza Septemba, umalize kuvua kabla ya Machi 15. Vuli itakukuta na samaki ndani, kwa hiyo sentimita 50 zile ziwepo tangu mwanzo wa Oktoba.

Siku ya kukausha bwawa, maji yaende kwenye migomba au mboga, kamwe yasiende kijitoni. Mfungue jike mdomo taratibu: huenda ukakuta mayai ya manjano, kama punje ndogo za mtama. Akishtuka huyatema, nayo yakitemwa majini husafiri na maji unayoyatoa. Wadogo waliobaki kaanga, kausha, au wape bata.

Kisha acha jua likaushe sakafu mpaka tope lipasuke kina cha sentimita 10, si juu juu tu. Ukiona hakuna kinachoruka hapo, kazi imekwenda vizuri. Vidimbwi vinavyobaki kwenye pembe vichote kwa ndoo siku hiyohiyo, kwa sababu kifaranga huishi humo, na mvua ya kwanza ikifurika humtoa nje.