Somo: Kuzungusha matairi ya gari, na yaliyochoka yakae wapi

Wakuu, masika inabisha hodi, nimeona niliandike hili kabla barabara hazijaloa.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua matairi mawili mapya ya Toyota IST yangu. Fundi akayafunga mbele: "Huku ndiko kwenye injini na usukani." Nikaona ana hoja. Wiki ya pili natoka Morogoro kurudi Dar, mvua ikanikuta Mikese. Kwenye kona ya kawaida tu, mkia wa gari ukachomoka. Mbele kulikuwa kumeshika barabara vizuri kabisa, ndiyo maana sikupata dalili yoyote mapema. Nilisimama nje ya lami, pua ya gari ikitazama nilikotoka. Nikashuka, nikapitisha kidole kwenye tairi la nyuma: laini kama kigae.

Kwa hiyo shikeni hili kwanza: matairi yenye meno marefu zaidi yanakaa NYUMA, hata kama gari linavuta kwa mbele. Mbele pakiteleza, gari linagoma kukata kona. Ukiachia mafuta taratibu linarudi mkononi. Nyuma pakiteleza, mkia unataka kuipita pua, na wengi wetu hatuwezi kulirudisha.

Sasa mtauliza, kuzungusha (yaani kuyabadilishana nafasi) si ndiko kupeleka yaliyolika nyuma? Ndiyo, ila ukizungusha kila kilomita 8,000 hadi 10,000 tofauti inakuwa ndogo na yote manne yanaisha pamoja. Hatari ni kusubiri mpaka ya mbele yawe vipara ndipo uyahamishie nyuma.

Hatua ya 1: Pima. Chomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji wa tairi, weka alama kwa ukucha, kisha ilaze kwenye rula. Pima ndani, katikati na nje. Vile vinundu vilivyo chini ya mfereji vina kimo cha milimita 1.6, meno yakilingana navyo tairi limekwisha. Kwa mvua zetu mimi nabadilisha likifika 3. Ukikuta ya mbele yamepitwa na ya nyuma kwa milimita 2 au zaidi, usizungushe, yaache hapo hapo.

Hatua ya 2: Egesha pasipo na mteremko, vuta handibreki, weka jiwe kwenye tairi usiloliinua. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini.

Hatua ya 3: Hamisha. Jeki moja na spea vinatosha. Kwa gari linalovuta mbele (IST, Vitz, Passo), funga spea mbele kushoto. La mbele kushoto lipeleke nyuma kushoto. Lililotoka nyuma kushoto liende mbele kulia. La mbele kulia liende nyuma kulia. La nyuma kulia lije mbele kushoto, spea irudi kwenye buti. Gari linalosukuma kwa nyuma, kama Mark II GX110, ni kinyume chake: ya nyuma yanakwenda mbele upande ule ule, ya mbele yanapishana kwenda nyuma. Tairi lenye mshale ubavuni lisihame upande, libadilishane mbele na nyuma tu. Na usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Hatua ya 4: Kaza nati kwa kuruka (ukikaza moja, nenda ya upande wa pili), si kwa kufuatana, umalizie gari likiwa chini. Usipande spana kwa mguu. Rekebisha upepo kwa kufuata kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana mbele na nyuma huenda visilingane. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, kagua nati tena.

MASWALI

Mkuu, tairi la mbele likipasuka si hatari zaidi? Mimi siwezi kuweka la zamani mbele.

Kupasuka mara nyingi kunatokana na upepo mdogo, mzigo, au tairi lililozeeka. Tairi usiloliamini kwa mbele usilifunge popote, mkuu. Nazungumzia mazima yaliyolika tu.

Nina hela ya mawili, na ya mbele ndiyo yameisha. Nafanyaje?

Mapya nyuma, yaliyokuwa nyuma yaje mbele. Mwambie fundi kabla hajashika spana, na usimame pale pale.

Langu Forester, nalo hivyo hivyo?

Hapana, hilo linaendesha magurudumu yote manne. Matairi yakitofautiana sana mzunguko, difu ya katikati (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote na itakufa. Nunua manne ya aina moja, uzungushe bila kuchelewa.

La kwangu linalika ukingo wa ndani tu, nilihamishe?

Ukilihamisha bila kupima alaimenti (magurudumu yamekaa sawa au yamepinda), litakalokuja hapo nalo litalika vivyo hivyo. Anza na alaimenti, na wakague bushi na boljointi, vile viungo vinavyoshika gurudumu. Likilika kingo zote mbili ni upepo mdogo. Katikati tu, umezidisha.

Spea yangu haijawahi kugusa lami, niihesabu mpya?

Soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ikipita miaka 10 itoe, hata kama meno yamejaa.