Jinsi ya kuongoza nchi ya makabila mengi bila kugeuza jamii ndogo kuwa maadui

Kwanza kabisa toa faili la jamii ndogo mezani kwa watu wa usalama, lipeleke kwa watu wa elimu na ajira, maana ukishamwita mtu tishio kila anachodai kinasomwa kama uasi, hata akiomba tu mwalimu anayejua lugha yake.

Halafu komaa na mhalifu mwenyewe, sio ukoo mzima. Marekani 1942 waliwafungia kambini watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia kabisa wa hapohapo, 1988 ndo wakaja kuomba radhi na kulipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Hasara tupu.

Lugha usiichezee. Sri Lanka 1956 walipitisha sheria Kisinhala kiwe lugha pekee ya serikali, Watamili, jamii ndogo yenye lugha yake, wakaumia kwenye ajira, vita vikaja baadaye (sio sababu pekee, ila ilichangia sana).

Mfano wa kuiga? Cheki Tirolo Kusini, mkoa wa Italia ambako wengi wanaongea Kijerumani. Juni 1961 wasemaji wa Kijerumani wenye msimamo mkali walilipua nguzo kibao za umeme usiku mmoja, serikali ikamwaga askari, wapi! Kilichotuliza mambo ni kupewa madaraka yao 1972, Kijerumani kikaruhusiwa ofisini na ajira za serikali zikagawanywa kwa uwiano wa makundi ya lugha, na utekelezaji ukachukua miaka mpaka 1992. Kwa hiyo andika ratiba mapema, nani anapewa nini na lini, iweke hadharani.