Kabla ya kununua ditekta ya sarafu za kale Mombasa

Anayetaka sarafu zilizozama chini kabisa huanza kwa kuuliza ni ditekta gani, yaani mashine ya kutambua metali iliyofukiwa, inayofika mbali zaidi. Ningemshauri aanze na pahali atakapochimba. Hapa Mombasa pahali ndipo panapoamua aina ya mashine, ukubwa wa koili (ile sahani ya nyaya inayopitishwa juu ya ardhi), na hata kama unaruhusiwa kutia jembe.

Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kila kitu cha kubebeka, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895. Pesa ya shaba ya 1888, ile yenye mizani iliyotolewa na kampuni ya Imperial British East Africa, inaingia humo. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 haiingii. Kwenda kufukua vya kale kwa makusudi kunataka leseni, na ukikiangukia kimoja kwa bahati una siku 7 za kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, pamoja na kuonyesha pahali hasa ulipokipata. Kwa hivyo Fort Jesus, Mji wa Kale na Jumba la Mtwana usiyafikirie kabisa. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari, na shamba la mtu lina mwenyewe: pata ruhusa yake, tena kwa maandishi. Nalisisitiza hili kwa sababu sarafu iliyong'olewa bila kumbukumbu ya ilikolala hubaki kipande cha shaba tu. Ile ya Mfalme Yongle, wa China, iliyopatikana na watafiti kisiwani Manda mwaka 2013, ina uzito katika historia kwa kuwa ilijulikana ilikotoka.

Ukishajua pahali, ndipo uzungumzie kina. Mawimbi ya ditekta hudhoofika yakishuka, na mwitikio wa sarafu hudhoofika tena ukipanda. Umbali ukiongezeka mara mbili, ishara inayorudi hupungua takriban mara 64. Ndiyo maana mashine yenye nguvu maradufu hukuongezea kama asilimia 12 tu ya kina. Ditekta nzuri ya kawaida husikia sarafu moja kwenye sentimita 20 hadi 30; anayekuahidi mita moja anakudanganya. Na zile za antena mbili zinazodaiwa kunusa hazina kutoka ng'ambo ya mtaa, zikimbie. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vijiti vya namna hiyo vikiitwa vya kutambua mabomu.

Adui mkubwa zaidi wa kina kwetu ni chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, na ditekta ya masafa mamoja, yaani inayotuma mawimbi ya mtetemo wa kasi moja tu, kama Garrett ACE 300 inayotumia kilohezi 8 (mitetemo 8,000 kwa sekunde), huanza kulia ovyo pale maji yanapokupwa. Ukiipunguza makali inyamaze, umepunguza na kina. Kwa shamba kavu la udongo wa mchanga, mashine kama hiyo yatosha na bei yake inabebeka. Lakini kama nia yako ni ufuo, lipia yenye masafa mengi kwa wakati mmoja, mfano Minelab Equinox au Nokta Legend, ambazo hulinganisha masafa hayo na kuiondoa sauti ya chumvi. Zipo pia za mapigo, zinazotuma mawimbi kwa vipindi vifupi vya kukatika, ambazo hushuka chini kuliko hizo na hazijali chumvi. Ila hazibagui vizuri, na kila msumari utauchimba. Kwenye mchanga laini huvumilika. Kwenye gofu la nyumba ya zamani ni adhabu.

Koili kubwa hushuka zaidi, lakini huona vitu vingi kwa pamoja, na msumari mmoja huificha sarafu iliyo jirani yake. Inchi 11 hufaa kazi nyingi. Penye takataka nyingi za chuma chukua ndogo zaidi, hata ukipoteza sentimita kadhaa. Angalia pia kisanduku cha umeme na vitufe: mashine nyingi koili yake hustahimili maji ilhali kisanduku hakistahimili, na wimbi moja la bamvua hulimaliza jambo.

Jizoeze sauti kabla hujatoka. Fukia senti kumi ya zamani yenye tundu, ya shaba, kwenye sentimita 10, kisha 20, na kando yake msumari wenye kutu. Pitisha koili, kisha geuka robo duara na upitishe tena. Sarafu hurudia mlio uleule pande zote mbili. Msumari mara nyingi hukatika au kukwaruza upande mmoja. Kwenye sentimita 20 mlio ni mnong'ono, na upepo wa kusi huumeza, kwa hivyo vipokea sauti vya masikioni si anasa. Nunua na kijiti cha kutafutia ndani ya shimo, usije ukaikwaruza sarafu kwa jembe.

Mwisho, usilipe dukani. Mwombe muuzaji mfuatane hadi mchanga wenye maji, aiwashe na kuishusha koili mbele yako. Akikataa, tafuta mwingine.