Kupima Kasi ya Mpasuko katika Kinu cha Nyuklia cha Nguvu Ndogo

Wati moja ya kinu hutokana na mipasuko (kupasuka kwa viini vya atomi za urani) takriban bilioni 31 kwa sekunde, na kwa kuwa joto la wati chache halipimiki vizuri, tunaihesabu mipasuko yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujua uzito wa utando wa urani uliopakwa ndani ya kigunduzi, chombo kinachohesabu mipasuko. Tafadhali usiiharakishe, kwa sababu ukikosea uzito kwa asilimia mbili, jibu la mwisho nalo litakosea kwa asilimia mbili. Tunahesabu chembe za alfa: miligramu moja ya urani-235 hutoa takriban 80 kwa sekunde. Hata hivyo, urani iliyorutubishwa huwa pia na urani-234, ambayo ijapokuwa kidogo hutoa alfa nyingi kuliko mwenzake, hivyo mgawanyo wa isotopu (aina hizo za urani) sharti ujulikane kabla ya hesabu yoyote. Utando uwe mwembamba, vipande vya mpasuko visije vikakwama ndani yake.

Hatua ya pili ni kuweka kizingiti cha mapigo ya umeme, yaani kiwango ambacho mapigo yaliyo chini yake, kama ya alfa, hayahesabiwi. Alfa huwa na nishati ya MeV (milioni za elektroni-volti, eV) 4 hadi 5, ilhali vipande viwili vya mpasuko hugawana takriban MeV 170. Sogeza kizingiti juu na chini kidogo. Hesabu ikiyumba sana, bado hakijakaa mahali pake.

Hatua ya tatu, ingiza kigunduzi kinuni, subiri nguvu itulie, hesabu, sahihisha mapigo yaliyopotea wakati chombo kikishughulikia pigo lililotangulia, kisha gawanya kwa idadi ya atomi za urani.

Swali: Mwalimu, kwa nini tusitumie karatasi ya dhahabu, ambayo ni rahisi zaidi?

Jibu: Itumie, lakini ujue inapima nini. Dhahabu hunasa nyutroni, haipasuki. Dhahabu-198 inayozaliwa hutoa mionzi ya gama ya keV (maelfu ya eV) 411.8, na nusu-maisha yake (muda wa kupungua nusu) ni siku 2.7. Tena hunasa kwa nguvu nyutroni za karibu eV 4.9, jambo linaloipotosha ikilinganishwa na urani. Pima ikiwa wazi, kisha ndani ya kadimiamu, metali inayozinyonya nyutroni za polepole, ili nyutroni za polepole zijitenge.

Swali: Na mipasuko iliyotokea ndani ya ufito wa fueli wenyewe?

Jibu: Baada ya kuzima kinu, pima gama ya keV 1596 ya lanthani-140. Ngoja siku kadhaa kwanza, mpaka lanthani ifuate mwendo wa mzazi wake, bari-140, zao la mpasuko ambalo hupungua nusu kila siku 12.75.