Kumchagua Kinyonga wa Kwanza na Kumwandalia Makao

Kizimba kinapaswa kuwa kimesimama mahali pake, kikiwa na mimea ndani na taa zikiwaka na kuzimwa kwa saa maalumu, angalau wiki moja kabla kinyonga hajaletwa nyumbani. Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu wengi hufanya kinyume: humwona kinyonga, humpenda, humnunua siku hiyohiyo, kisha huanza kuhangaika kutafuta taa huku mnyama akiwa ndani ya boksi, hali wala hanywi. Kinyonga huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, hivyo huenda akadhoofika sana bila mfugaji kugundua.

Ni vyema pia kukubali mapema kwamba huyu ni mnyama wa kutazamwa. Huvumilia tu kushikwa, hafurahii. Kila mmoja huishi peke yake; wawili wakiwekwa pamoja, hata dume na jike, yule mnyonge hupauka, huacha kula na huweza kufa hata kama hajawahi kung'atwa.

Kwa anayeanza, mimi humpendekeza kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye asili yake ni Yemeni na Saudi Arabia na ambaye hustahimili makosa madogo ya mfugaji kuliko wenzake. Aina nyingine, Furcifer pardalis wa Madagaska, naye hufaa, na rangi za madume wake hutofautiana kulingana na eneo la asili ya ukoo, kama vile Nosy Be au Ambilobe. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, ni wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Anahitaji usiku wa baridi, na katika nyumba yenye joto mchana na usiku atateseka. Chagua dume. Jike wa Yemeni hutaga mayai hata bila kupandwa, na asipopata chombo cha mchanga wenye unyevu, wenye kina cha sentimita 30 hivi, ambamo anaweza kuchimba bila kutazamwa, mayai huweza kukwama tumboni na kumuua.

Mtafute aliyezaliwa kwa mfugaji, mwenye umri wa miezi mitatu au zaidi. Waliokamatwa porini mara nyingi huwa na minyoo na hofu nyingi, na kwa kuwa aina zote tatu nilizozitaja zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, una haki ya kuuliza hati zinazoonyesha alikotoka. Kisha mwangalie kwa utulivu. Macho yawe yamejaa, kila moja likizunguka kivyake. Yaliyozama huashiria kukosa maji, na kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa. Miguu iwe imenyooka na ishike tawi kwa nguvu, kwani iliyopinda huonyesha mifupa iliyokosa madini ya kalisi au UVB, yaani aina ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Sehemu nyeupe ya kinyesi iwe nyeupe kweli, isiwe ya rangi ya chungwa. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, na ulimi usipofyatuka sawasawa usimchukue, hata ukimwonea huruma.

Kizimba cha dume aliyekomaa kiwe na upana na kina cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 120 kwenda juu. Wavu ndio chaguo salama zaidi kwa mwanzilishi, kwa sababu hewa hupita vizuri. Ndani ya kizimba cha kioo hewa huweza kutuama, na kinyonga akiona taswira yake hudhani mpinzani amemvamia. Kiinue ili matawi ya juu yapite usawa wa macho yako, maana kinyonga anayetazamwa kutoka juu hujihisi anawindwa. Panda Ficus benjamina au haibiskasi, panga matawi ya unene tofauti, na sakafu uiache tupu ili isafishike kwa urahisi.

Taa ndizo zinazokosewa zaidi. Zinatakiwa mbili: balbu ya joto, inayolipa tawi la kuotea jua nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi kwa dume aliyekomaa wa Yemeni au Madagaska, na taa ndefu ya UVB ya aina ya T5 (bomba jembamba), inayomwezesha kutengeneza vitamini D3 ili mwili utumie kalisi. Pima joto la tawi kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huzuia miale ya UVB. Taa ya UVB huendelea kung'aa hata nguvu yake ikishafifia, hivyo ibadilishwe baada ya mwaka mmoja au mapema zaidi. Usiku kuwe na giza kamili.

Bakuli la maji halimsaidii, kwa kuwa kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia. Tundika chombo kinachodondosha tone moja moja juu ya majani, kisha utazame: hulikazia tone jicho moja, husogea akiyumbayumba, na hatimaye hugusa ncha ya jani kwa mdomo, koo likianza kupanda na kushuka. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, weka trei ya kukinga maji chini, na acha majani yakauke katikati ya siku. Chakula ni nyenje na panzi waliolishwa mboga za majani, wakinyunyizwa unga wa kalisi.

Siku ya kumleta, elekeza chombo alichosafiria kwenye tawi na umwache atoke mwenyewe. Kwa wiki mbili za mwanzo mkaribie kwa ajili ya chakula, maji na usafi tu, na katika muda huo peleka kinyesi cha siku hiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, apime minyoo.