Dawa ipi ya kupaka ngozi inapowasha

Kabla ya kuomba "dawa ya muwasho" dukani, itazame ngozi kwenye mwanga wa mchana. Kisha jiulize: muwasho unazidi saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna?

Ukizidi usiku, vipele vikiwa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni au sehemu za siri, na wenzako nao wanajikuna, huenda ni upele wa kuambukiza (scabies), unaoletwa na vijidudu vya ngozi. Hapo inatakiwa krimu ya permethrini ya asilimia 5. Paka jioni mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayo, bila kusahau kitovu na chini ya kucha, ukae nayo saa 8 hadi 14 ndipo uoge. Ukinawa mikono katikati, ipake tena. Tyubu ya gramu 30 kwa kawaida hutosha mtu mzima mmoja. Rudia baada ya wiki. Wote wa nyumba moja wapake usiku uleule, hata asiyewashwa. Akiachwa mmoja, mnarudi mlikoanza. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vijidudu kufa. Wengi hudhani dawa imegoma, wanapaka kila siku, ngozi inaungua na kuwasha zaidi.

Duara lenye ukingo ulioinuka na kubanduka magamba, katikati pametulia? Hiyo ni sura ya choa, yaani fangasi wa ngozi. Klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili au tatu kwa siku, ukivuka ukingo kwa sentimita 2. Endelea wiki mbili baada ya alama kutoweka. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, yanahitaji vidonge.

Ngozi kavu, yenye nyufa, inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti huelekea kwenye pumu ya ngozi. Mafuta mazito yasiyo na manukato, hata ya mgando ya kawaida, yapakwe mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Pakiwa pamevimba, ongeza haidrokotizoni ya asilimia 1, mara moja au mbili kwa siku, isizidi siku 7, na si usoni bila ushauri. Kipimo: dawa iliyokamuliwa toka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza, karibu nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili.

Kuumwa na mbu au vipele vya joto: losheni ya kalamini, tikisa chupa kwanza. Kwenye ngozi kavu iepuke, huikausha zaidi.

Krimu za "tatu kwa moja", zenye steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki, ndizo huharibu zaidi. Muwasho hutulia siku mbili, mtu anashangilia, kumbe choa kinatambaa chini kwa chini na kupoteza lile duara lake, hata daktari hakitambui kirahisi. Zikitumika miezi, ngozi hukonda na kutoka michirizi.

Usaha, homa, mtoto wa chini ya miezi 2, au kuwashwa mwili mzima pasipo kipele huku macho yakiwa manjano: nenda kituo cha afya, acha kujipaka.