SOMO: Kuchora data za msukosuko wa plazma (gesi moto sana yenye chembe za chaji), panga kabla hujafungua ParaView (programu ya kuchora data)

Wakuu, nimechoka na swali moja kila siku, "nina data za simulesheni nitoeje video kali". Naandika mara moja, ukiniuliza tena nakurudisha hapahapa.

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. Joto linavyovuja kwenda ukuta wa tokamaki (mashine ya duara inayoshikilia plazma kwa sumaku) ni picha moja, mikondo ya zona (inayoizunguka plazma kwa matabaka) inavyokatakata mizunguko mikubwa ni picha nyingine.

2. Piga hesabu ya ukubwa. Gridi ya 512 x 512 x 512 kwa namba za baiti 4 ni MB 512, hapo ni kipimo kimoja fremu moja. Fremu 400 ni GB 200. Kwa bando lipi hapa Mwanza? Kata slaisi (kipande bapa kimoja) hukohuko kwenye seva, shusha slaisi tu.

3. Ondoa wastani, ubaki na mabadiliko tu. Katikati ya plazma mabadiliko ni kama asilimia moja hivi, ukichora densiti nzima utaona duara laini halafu useme simulesheni imekufa.

4. HAPA NDO WENGI WANAANGUKIA. Programu za simulesheni kama GENE zinahifadhi data kwa kufuata mistari ya sumaku, sio x, y, z ulizozoea. Msukosuko umelala kwenye mstari kama tambi, mrefu huku, mwembamba kule, ndo maana nukta kando ya mstari zinakuwa chache na kukatisha mstari zinakuwa nyingi. Sasa ukiamua kuunganisha moja kwa moja bapa moja na bapa linalofuata bila kufuata mstari, tambi zinakatika unapata madoa madoa, na ubaya wake yanapendeza, mtu anayaandikia ripoti kabisa kumbe hayapo. Fuata mstari kwanza ndo ujaze katikati. Kabla ya data halisi jaribu na wimbi ulilotunga mwenyewe ambalo unajua linatakiwa litokeeje. Na kama data ni ya kipande kimoja chembamba ukakizungusha kijaze mashine nzima, andika chini ya picha kwamba umefanya hivyo.

5. Rangi: pande mbili (moja ya juu ya sifuri, nyingine ya chini), sifuri katikati, skeli moja fremu zote. Achana na jet (zile rangi za upinde wa mvua), inachora mipaka ambayo kwenye data haipo.

6. Toa PNG moja moja ndo uunganishe na ffmpeg (programu ya kugeuza picha kuwa video). Umeme ukikata unaendelea ulipoishia.

MASWALI

dagaa_mkavu: Mkuu ndefu sana, we taja tu programu nzuri

Mleta somo: Hatua ya 1.

mzee_wa_igoma: Nimefata zote ila video inawakawaka

Mleta somo: Skeli ya rangi umeifunga?

mzee_wa_igoma: Iko auto

Mleta somo: Sasa zote zipi hizo ulizofata.

binti_nyegezi: Shikamoo kaka. Kwanini msukosuko ufuate mstari wa sumaku, usisambae tu kote?

Mleta somo: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Chembe yenye chaji inauzunguka mstari, kwa ioni kwenye tokamaki kubwa kiduara chake ni milimita chache tu, lakini kuufuata mstari hakuna kinachoizuia. Elektroni zinakimbia humo zinasawazisha tofauti haraka, kwahiyo kinachobaki ni kirefu mita nyingi na upana wa viduara kadhaa tu. Anza na modeli rahisi ya msukosuko, Hasegawa-Wakatani ya 2D, ya mwaka 1983, inakimbia kwenye kompyuta ya kawaida na hatua ya 4 haikuhusu kabisa.

binti_nyegezi: Asante kaka. Data ikiwa kubwa naweza kuruka nukta, nichukue moja kila nne?

Mleta somo: Chuja vitu vidogo kwanza ndo uruke, la sivyo vinajigeuza kuwa mawimbi marefu ya uongo.

fundi_kirumba: Nyongeza, ukiingia kwenye seva tumia tmux, mtandao ukikata kazi haifi.

mzee_wa_igoma: Na UPS je, naona za mtumba bei poa

fundi_kirumba: Nenda na balbu, chomeka, chomoa umeme wa ukutani uhesabu dakika. Muuzaji akigoma kukujaribishia, ondoka.